Vumbi la Chumba cha Mbele

Mgeni alikuwa anatoka London, na Enid Garside hakuwa tayari kuaibishwa na vumbi. Tangu asubuhi ya Jumamosi ile alikuwa amepiga magoti. Kizingiti cha mlango wa mbele kasugua, sakafu ya jikoni kasugua, zulia kalipiga brashi mpaka mikono ikawaka moto. Mumewe Wilf, ambaye kiwanda cha chuma kilikuwa kimemrudisha nyumbani yeye na zamu yake nzima, alikaa jikoni na gazeti, akinyanyua miguu kila fagio lilipopita.

"Anakuja kusikiliza muziki au kukagua nyumba?" aliuliza.

"Nyanyua miguu."

"Maana kama ni muziki, heri akague nyumba tu."

"Wilf, nyanyua miguu, bwana!"

Kazi kubwa ilikuwa chumba cha mbele. Katika mitaa ile ya Sheffield, chumba cha mbele hakikaliwi ovyo. Ni cha kasisi akija, cha daktari, cha Krismasi, na cha marehemu kabla hajatolewa. Siku zilizobaki mlango unafungwa na familia inabanana jikoni. Ndiyo maana Enid alipomruhusu mwanawe Russell aweke vyombo vyake vya muziki humo, majirani walisema kapagawa. Bi Ogden wa nyumba ya pili alikuja kuhakikisha kwa macho yake, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa, akaenda zake bila hata kuomba chai. Kwa Bi Ogden hilo lilikuwa jambo zito.

Walikuwa vijana wawili tu. Russell, muuza viatu, ndiye aliyetunga na kuimba. Mwenziwe Glyn Batty, mpanga makopo katika duka la vyakula, ndiye mwenye vidole vya kupiga. Wakajiita Chumba cha Mbele, maana hawakuwa na pengine pa kupigia. Gitaa hawana, ngoma hawana. Walichokuwa nacho ni kinanda cha umeme cha mkono wa pili na kinasa sauti kilichotoa mdundo. Wilf aliwaambia wenziwe kilabuni kwamba mwanawe ana bendi ya watu watatu: yeye, Glyn, na plagi ya ukutani. Wakacheka hadi bia zikamwagika.

Enid hakucheka. Enid alikuwa mdadisi, na mashine ile ilimnyima raha. Juu ya vibao vya kupigia palijaa vitufe vya kuzungusha kama vya redio, zaidi ya thelathini, kila kimoja na mstari wake mweupe. Siku moja alimbana Glyn.

"Hebu niambie, sauti inakaa wapi humo?"

"Haikai popote, Bi Garside. Tunaitengeneza."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa umeme."

"Umeme ninao kwenye pasi. Mbona haiimbi?"

Glyn alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu ikaja ile sauti. Enid alikuwa akimenya viazi, ikapenya ukutani. Ilianza chini kabisa, mfano wa mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo lililomkaa moyoni, ikapanda, ikatetemeka, kisha ikaning'inia juu kule ikakataa kushuka. Enid akabaki kashika kisu na kiazi. Hakujua kama amefurahi au ameumia. Tangu hapo, kila vijana walipopiga wimbo ule, yeye alijitafutia kazi karibu na ukuta.

Jumanne walikibeba kinanda hadi kwa Bi Ogden, mwenye simu peke yake mtaani, wakaweka mkono wa simu mbele ya spika na kumpigia wimbo bwana mmoja wa kampuni ya sahani za muziki London. Bwana akasema anakuja Jumamosi. Kazi ya Wilf haikuwepo tena, na duka la viatu la Russell lilikuwa limeshatangaza kufunga. Enid hakuwa mtu wa kanisani sana, lakini wiki ile alisali. Alitaka mwanawe atoke mtaa ule kabla mtaa haujamkalisha jikoni na gazeti.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini alipofika kwenye mashine hakuiruka. Vumbi limejaa kati ya vitufe! Na mgeni atainamia hapo hapo! Akachukua kitambaa na mafuta ya kung'arishia fanicha, akafuta kitufe kimoja kimoja, kikizunguka chini ya kidole chake. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama. Mng'aro upo, lakini mistari ile nyeupe ilielekea huku na kule bila mpango wowote. Hapana, si katika nyumba yake. Akaanza na kitufe kikubwa cha kushoto, akavinyoosha vyote wima, safu kwa safu. Kisha akaenda kufungua kopo la samaki wa pinki kwa ajili ya sandwichi. Samaki yule hufunguliwa kwa wageni tu.

*

Vijana waliingia mchana, Russell amevaa koti jipya ambalo hajalizoea, Glyn ananukia sabuni. Wakawasha mashine mapema, maana ikiwa baridi sauti yake hupotoka. Enid aliwasikia wakicheka. Alisikia mdundo ukianza. Kisha ikaja sauti, na kisu cha siagi kikasimama mkononi mwake.

Siyo yenyewe. Ilikuwa ngumu, nyembamba, inayokwaruza kidogo, kitu ambacho hajapata kukisikia. Ikakatika, ikaanza tena, ikakatika.

"Umegusa," alisema Russell.

"Sijagusa."

"Glyn, usinifanye mjinga. Vitufe vyote vimehamishwa. Umegusa!"

"Nimegusa saa ngapi? Jana nilikuwa dukani kutwa."

"Ufunguo si unao? Wiki nzima unaimba wimbo mmoja: sauti ina huzuni mno, London hawataki huzuni. Leo huzuni haipo. Tuseme imepanda basi yenyewe?"

"Nilikwambia tutie alama za chaki, ikipotea tuirudishe. Nilikwambia, sikukwambia? Ukasema nani ataigusa."

"Na nilikosea, maana kumbe wa kuchungwa ninaye humu ndani!"

Enid alikuwa ameshafika mlangoni, sahani mkononi. Hapo ndipo alipoelewa. Kumbe sauti haikuwa imehifadhiwa ndani ya sanduku kama maji ndani ya tangi, ukifungua bomba inatoka. Sauti ilikuwa ni vile vitufe vyenyewe, jinsi vilivyoelekea huku na kule. Ovyo ule ndio uliokuwa wimbo.

"Russell..." alisema.

"Mama, si sasa."

"Lakini ni kwamba mimi..."

"Mama! Nimesema si sasa!"

Angeweza kulisema tu, lakini uso wa mwanawe ulivyokuwa, na Wilf kule jikoni akiguna, "Wameshaanza kuachana hata hawajaoana," maneno yakamkwama. Alijiona mjinga. Mwanamke mzima, umri wote huu, amemharibia mwanawe bahati yake moja kwa kitambaa cha vumbi! Glyn alichukua koti lake na kusema, "Tafuta mwingine wa kukubebea lawama." Mlango wa mbele ukabamizwa, na Russell akainamia mashine akaanza kuzungusha vitufe kwa pupa, kimoja baada ya kingine, jasho likimtoka.

Enid akaweka sahani chini, akatoka mbio.

Alitoka na aproni yake na ndala za ndani, nywele zimesokotwa kwenye roli ambazo alipanga kuzifungua mgeni akikaribia. Mtaani kwao mwanamke hatoki mlango wa mbele katika hali ile isipokuwa nyumba inaungua. Pazia la Bi Ogden likasogea. Lisogee tu.

"Glyn! Simama, mwanangu, mimi si wa kukimbia!"

Glyn alisimama karibu na kituo cha basi, mikono mfukoni, macho mekundu. "Bi Garside, sikugusa. Haki ya Mungu sikugusa."

"Najua. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilifuta vumbi." Akaanza kulia pale pale barabarani, mbele ya watu waliokuwa wakingoja basi. "Halafu nikavinyoosha. Niliona vimekaa ovyo."

Glyn alimtazama. Enid alitegemea tusi, na angelipokea. Lakini uso wa kijana ulibadilika taratibu, ukawa wa mtu aliyeonyeshwa kitu asichokijua.

"Ulivinyoosha vipi?"

"Wima."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata kile kikubwa cha kushoto?"

"Ndicho nilichoanza nacho."

"Jamani," alisema Glyn. "Hakuna mtu anayefanya hivyo. Sisi tunavisogeza kidogo kidogo, unaogopa kama unatia chumvi kwenye mboga ya watu. Vyote wima!" Akajikuna shingo. "Na kile kitu kilichotoka hakikuwa kibaya, unajua. Nilitaka kukisikiliza vizuri ila Russ alikuwa ananifokea."

"Basi rudi ukamwambie."

"Kurudi, nitarudi. Kumwambia, utamwambia wewe. Nikisema mimi kwamba ni wewe, ataona nakusingizia."

*

Walipofika, gari la kijani lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya nyumba na watoto wawili wanajitazama kwenye vioo vyake. Mgeni kawahi. Bwana Julian Cray wa London alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri cha chumba cha mbele, shati lake la waridi limefunguliwa vifungo hadi kifuani, na Wilf amesimama kando yake akimweleza habari za hali ya hewa. Russell bado alikuwa anazungusha. Kila sauti iliyotoka ilikuwa mbaya kuliko iliyopita.

"Tutaanza hivi karibuni," alisema bila kugeuka. "Ina hitilafu kidogo."

Enid alisimama mlangoni na ndala zake na roli zake. Kama angengoja kufungua nywele, asingelisema tena milele, na alijijua.

"Hitilafu ni mimi, mwanangu," alisema. "Glyn hakugusa kitu. Mimi ndiye niliyefuta vumbi, nikanyoosha vitufe. Nilikuwa sijui."

Bwana Cray alimtazama kuanzia roli mpaka ndala. "Samahani, huyu ni nani?"

"Mama yangu," alisema Russell.

"Kafuta vumbi!" Bwana Cray akaangua kicheko, akapiga goti lake. "Kamfutia mwanawe wimbo! Hii lazima niwasimulie London." Hakukusudia ubaya, mtu wa kucheka tu. Lakini Wilf hakucheka, na Wilf ndiye aliyekuwa mcheshi wa nyumba.

Russell alisimama wima. Hakupaza sauti, na ndivyo ilivyouma zaidi. "Unajua kwa nini naichukia nyumba hii, Mama? Hakuna kinachoachwa kilivyo. Kila kitu lazima ukifute."

"We kijana, chunga mdomo wako," alisema Wilf.

"Mwache, Wilf," alisema Enid. "Ana haki."

Glyn alikuwa ameshapita katikati yao na kuinamia mashine. Akavigeuza vitufe vyote wima, safu kwa safu, kama Enid alivyofanya asubuhi. Akawasha mdundo.

"Imba, Russ."

"Siimbi."

"Mtu ametoka London. Imba."

Sauti ile ngumu ikajaza chumba, safi, imenyooka, haina pa kujificha. Russell alikuwa na mazoea ya kuimba amefumba macho, kwa upole, kama mtu anayejisemea. Safari hii macho yalikuwa wazi na yalikuwa juu ya mama yake. Aliimba akitema neno moja moja, bila kutetemeka, bila huruma. Ulikuwa wimbo wa mtu anayemuaga mpenzi wake, lakini aliyeagwa chumbani mle alikuwa Enid, na kila aliyekuwepo alilijua isipokuwa mgeni. Enid alisikiliza mpaka mwisho. Hakuona haki ya kuondoka.

Mdundo ulipokatika, Bwana Cray aliruka kitini.

"Ndiyo hii! Ndiyo ile ile niliyoisikia kwenye simu!"

Russell alimtazama Glyn. Glyn akamtazama Enid. Enid akatazama zulia lake safi. Mtu kasafiri kutoka London kufuata sauti ambayo haipo tena duniani, kapewa nyingine, na hajui. Hakuna aliyemsahihisha.

"Ila kwenye simu hukuimba hivi," aliendelea Bwana Cray, akimnyooshea Russell kidole. "Baridi hiyo! Usiiguse. Studio utaimba hivyo hivyo, umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Russell.

Kisha Bwana Cray akala sandwichi za samaki, akazisifu, akauliza kama zimebaki nyingine.

*

Mwaka haujaisha, wimbo ukawa kila mahali. Ulianza kwa kujikokota, redio moja usiku, redio nyingine alasiri, kisha ghafla ukapaa. Chumba cha Mbele wakatokea katika kipindi cha muziki cha televisheni cha kila Alhamisi, Glyn kasimama nyuma ya kinanda bila hata kutabasamu, Russell mbele yake na koti la kijivu, akitazama kamera kama alivyomtazama mama yake. Nyumba ya akina Garside ilijaa watu siku ile. Bi Ogden alimwambia kila aliyeingia kwamba yote yalianzia kwenye simu yake. Wilf, ambaye sasa kilabuni alikuwa hazungumzi jingine, alifoka kila mtu anyamaze, kisha akalia, akasingizia moshi wa sigara.

Wimbo ukafika namba moja nchini. Wakaenda Ujerumani, wakaenda Japani. Vijana kila mji wakaanza kununua vinanda na kukaa wawili wawili. Gazeti moja likaandika kwamba sauti ya Chumba cha Mbele ni sauti ya zama mpya, imenyooka na haina chembe ya vumbi. Wilf alimsomea mkewe kwa sauti, halafu akanyamaza katikati, akakunja gazeti.

Enid aliusikia kwenye foleni ya mikate. Aliusikia kwa msusi, kwenye basi, kwenye harusi ya binti wa Bi Ogden, ambako watu wa rika zote walisimama kuucheza. Walisema ni wimbo wa mapenzi yaliyokufa. Yeye alimsikia mwanawe akimkasirikia, tena na tena, nchi nzima ikipiga makofi. Akajifunza kutabasamu wakati huo. Russell hakuwa mtoto mbaya: alinunulia wazazi wake jiko jipya, akawawekea simu, akapiga kila Jumapili. Aliuliza kama kuna mvua. Aliuliza kama goti la baba limepona. La siku ile hakuligusa, naye Enid hakuthubutu.

Mwaka wa pili akaja mwenyewe, bila taarifa, alasiri moja. Amekonda. Wilf alikuwa kilabuni. Enid akamwingiza chumba cha mbele, maana mwanawe alikuwa amekuwa mgeni, akamletea chai na keki ya matunda. Russell hakuigusa keki.

"Mnakula vizuri huko?" aliuliza Enid.

"Tunakula."

"Glyn hajambo?"

"Hajambo. Kanunua nyumba ina bwawa, na kuogelea hajui." Akatabasamu kidogo, kisha akaweka kikombe chini. "Mama, unaikumbuka ile ya kwanza?"

Enid hakuuliza ya kwanza ipi.

"Glyn kaisahau," alisema Russell. "Nikimwambia aiimbe, ananiimbia hii ya redio. Mimi nimejifungia na mashine ile ile wiki mbili, nazungusha. Siipati. Nikifumba macho nadhani naisikia, nikifumbua haipo." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Wewe ulikuwa ukisikiliza. Nilikuwa nakuona, ukijifanya unafuta ukuta. Hebu niimbie. Nataka nijue kitu kimoja tu. Ilikuwa nzuri kuliko hii?"

Enid alimtazama. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo yote, kuanzia pumzi ya chini mpaka mtetemo wa juu, haikuwa imefifia hata kidogo. Asubuhi nyingine aliamka nayo. Na jibu alilijua, alilijua tangu siku ile alipoweka sahani chini: hii ya redio haikuifikia hata magotini. Akaona vidole vya mwanawe vilivyokuwa vyeupe kwenye ukingo wa meza, akaona namna alivyokuwa akingoja, vile wagonjwa wanavyomngoja daktari aseme.

Akafungua mdomo, akaimba ya redio.

Aliiimba vibaya, sauti inakwaruza, lakini aliiimba yote, hata pale pagumu pa katikati.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Russell.

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu. Labda ile ilikuwa na kelele kidogo. Hii imetulia zaidi."

"Kweli, Mama?"

"Sasa nikudanganye ili iweje? Hata yule bwana Cray si alisema ni ile ile? Yule ana masikio."

Russell alishusha pumzi ndefu mno, mabega yakamwanguka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akaonekana kijana. Akacheka. Akajifuta macho kwa kiganja. "Siku ile nilikusema vibaya."

"Ulikuwa na haraka."

"Hapana. Nilikusema vibaya. Nisamehe."

"Kula keki yako," alisema Enid.

Akala. Akakata kipande cha pili, akaomba chai nyingine, akaanza kusimulia habari za Japani huku mdomo umejaa. Enid akabeba birika kwenda jikoni. Akafunga mlango nyuma yake, akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga kelele kwenye sinki. Kisha akainama karibu na maji, mahali ambapo hakuna ambaye angeweza kusikia, akaiimba ile ya kwanza.